Muulize Fundi: Springi za kilo ngapi?

SWALI: Shkamoo fundi. Mimi mtu wa Tanga ila niko Dubai mwaka wa saba sasa, nina Toyota 86 ya 2014, gia za mkono, naendea kazini kila siku halafu mara moja kwa mwezi hivi naipeleka Dubai Autodrome. Kuna jamaa anarudi kwao ananiuzia koilova zake (zile springi na shokapu zilizofungwa pamoja) kwa bei ya kutupa, mbele kilo 10 nyuma kilo 12, akaniachia nizifunge wiki nzima nijaribu. Kwenye treki gari ilitulia kweli, hailali kwenye kona, lakini kwenye matuta ya mtaani kwetu mke wangu kasema yeye atapanda teksi. Na kinachoniuma zaidi nilipoangalia muda wa lepu sijaokoa hata nusu sekunde. Springi ni ngumu mno au mimi ndo sijui kuendesha?
*Mtanga wa Dubai*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mkeo yuko sahihi, mwombe radhi kwanza halafu tuendelee.

Hiyo kilo 10 maana yake ni kwamba ukitaka kuibana springi milimita moja unahitaji uzito wa kilo 10, milimita mbili kilo 20, basi hivyo. Ila namba iliyoandikwa kwenye springi siyo ugumu unaofika kwenye tairi, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kwenye 86 springi ya mbele imekaa pamoja na shokapu karibu kabisa na tairi, tairi ikipanda milimita 10 springi inabanwa kama 9 na nusu. Nyuma springi imeshikwa ndani zaidi kwenye mkono wa chini, tairi ikipanda 10 springi inabanwa kama 7 na nusu tu. Na huo uwiano unazidisha nao mara mbili, yaani 10 mara 0.95 halafu tena mara 0.95, kwa sababu unapoteza kwenye nguvu na unapoteza tena kwenye safari. Kwa hiyo 10 yako ya mbele inafika kwenye tairi ikiwa kama 9, na 12 ya nyuma inafika 6.75. Umeona? Nyuma inayoonekana ngumu kwenye karatasi kumbe ndo laini.

Sasa gari yako na wewe ndani ni kama kilo 1,315, mbele imebeba asilimia 53 hivi, ukitoa uzito wa tairi, rimu na breki ambao haubebwi na springi, kila springi ya mbele inashikilia kilo 313 na ya nyuma 274. Gawanya 313 kwa 9 unapata milimita 35, hiyo ndo springi inavyolala ikibeba gari. Kisha chukua 15.8 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha hiyo 35, utapata 2.7 hivi, ni mara ngapi bodi ingedunda kwa sekunde kama shokapu isingekuwepo. Nyuma inakuja karibu 2.5. Gari ya kawaida ya familia iko kati ya 1 na 1.5, gari ya mtaani ya kimichezo inafika mpaka 2 hivi, na 2.5 kwenda juu hiyo tayari ni gari ya kuletwa treki juu ya trela. Wewe unaipeleka supamaketi.

Na kwa nini muda haujashuka? Kwa sababu kulala kwa bodi siyo adui uliyekuwa unamtafuta. Uzito unaohama kutoka tairi za ndani kwenda za nje kwenye kona unatokana na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya tairi, springi haibadilishi jumla hiyo, inabadilisha tu mgawanyo wake kati ya mbele na nyuma na kiasi bodi inavyolala. Gari ikikaa bapa unajisikia shujaa lakini tairi ni zilezile. 86 nyingi zilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP za 215/45 inchi 17, tairi nzuri ya safari lakini haina mshiko wa kustahili springi za 10. Ukikanyaga ukingo wa kona tairi inaruka badala ya kushika, na tairi iliyo hewani haigeuzi gari.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga 12 mbele kwenye Altezza nikiwa kijana, wiki ya pili nikawa najua kila kiraka cha lami kati ya nyumbani na gereji kama ninavyojua ngazi za kwetu gizani, na nilikuwa naendesha polepole kuliko nilipokuwa na springi za kiwandani kwa kuogopa kila nundu. Basi sikucheki.

Ushauri wangu: mbele 6, nyuma 7. Inakupa 2.1 mbele na 1.9 nyuma. Ukisema mke kwanza, 5 na 6, inashuka mpaka 1.9 na 1.75, bado iko imara kuliko ya kiwandani. Ukiona pua inagoma kuingia kona na inakwenda moja kwa moja, panda nyuma mpaka 8 kabla hujagusa kingine, mkia ukianza kuchomoka bila kuuomba rudi 7.

Ila kabla ya springi fanya kemba, yaani ule mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje. Muundo huu wa mbele gari ikilala tairi ya nje inapoteza kemba, inasimamia bega lake la nje, ndo maana ukiangalia tairi zako naamini mabega yameliwa na katikati bado mpya. Weka nyuzi 2 mpaka 2 na nusu hasi mbele, halafu tairi zenye mshiko, hapo utaona sekunde zinashuka bila kuumiza kiuno cha mtu.

Koilova za jamaa unaweza kununua kama hazivuji, lakini usibadilishe springi tu ukadhani umemaliza. Shokapu zake zimepangwa kwa 10 na 12, ukiweka laini zitakuwa zinashika kupita kiasi, springi inabanwa kwenye shimo la kwanza na kabla haijarudi shimo la pili limefika, gari inazidi kujikunja chini. Zungusha kirekebishi upande wa laini na kama haitoshi zipangwe upya kwa fundi wa shokapu. Na kumbuka ile springi ya 6 italala milimita 58 badala ya 35, gari itashuka zaidi ya sentimita 2, lazima urudishe kimo.

Kipimo cha mwisho ni cha bure. Funga ile kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye fimbo ya shokapu, isukume mpaka chini, kazunguke lepu tano uangalie imepandishwa mpaka wapi. Ikigonga ile raba ya juu inayozuia shokapu isigonge mwisho kila kona, springi ni laini mno au gari iko chini mno. Ikibaki na safari kubwa haijatumika hata kwenye kona kali umezidisha ugumu. Chagua springi laini kuliko zote ambayo haigongi raba.

SWALI: Fundi niaje, niko Nairobi na Impreza. Fundi wangu anasema akate springi raundi moja, gari itashuka na pia itakuwa ngumu kama ya rali, ati ni sawa na kununua springi mpya. Ni ukweli?

JIBU: Ugumu utaongezeka kweli ndugu yangu, springi yenye raundi 6 zinazofanya kazi ukikata moja inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Lakini gari imeshuka sana kuliko hiyo asilimia 20 inavyoweza kuibeba, kwa hiyo tuta dogo tu ushafika kwenye raba, na raba ndo springi ngumu kuliko zote. Zaidi, tairi ikining'inia springi fupi inalegea kwenye kikombe chake na inaweza kurudi vibaya. Na gari za rali unazoziona hazishuki hivyo, ziko juu na zina safari ndefu. Mwambie fundi aweke msumeno chini.

SWALI: Niko Uingereza na MX-5 ya zamani, nimeuziwa springi za pauni 350 mbele na 250 nyuma, wenzangu wote wanaongea kilo. Pia nikikaza ile pete ya chini springi inakuwa ngumu zaidi?

JIBU: Gawanya pauni kwa 56 upate kilo. Una 6.25 mbele na 4.5 nyuma. Pete haiongezi ugumu, inainua gari tu.