Jino moja linaliwa, jingine jipya: kosa la spindo au la holda?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi naendesha mashine ya milingi ya CNC, spindo yake (mhimili unaozungusha kifaa) ni BT40, na holda zote, yaani vishikio vya kifaa, ni za koleti ER32, ile bushi yenye mipasuo inayobana kifaa. Endimili (visu vya kukatia) za kabaidi, ile metali ngumu, za milimita 6 zenye meno mawili zinanivunjikia ovyo, na zile zinazopona naona jino moja limeliwa sana lakini lingine liko kama lilivyotoka kwenye boksi. Bosi anasema spindo imechoka, mi nahisi ni holda. Tununue za haidroliki au zile za kupashwa moto, au tutakuwa tunatupa hela?

JIBU: Salama ndugu yangu, na hongera kwa kuangalia meno kabla ya kutupa, maana jibu lako liko hapohapo. Jino moja likiisha peke yake endimili inayumba, haizunguki kwenye kitovu chake. Piga hesabu: umepanga kila jino lile milimita 0.03, halafu daili geji (saa ya kupimia kuyumba) inasoma kuyumba 0.03, basi kwa meno mawili jino moja linaweza kula 0.06 na mwenzake asiguse kitu kabisa. Jino moja linabeba kazi ya wawili, lazima livunjike.

Sasa usinunue chochote kwanza, pima. Toa holda, pangusa tepa ya spindo (tundu la mteremko linapokaa holda) vizuri, weka ncha ya daili geji ndani ya tepa yenyewe uzungushe spindo kwa mkono. Ikitulia, spindo haina kosa, mwambie bosi kwa heshima. Halafu funga pini iliyonyooka kwenye koleti, pima karibu na nati kisha pima tena mbele kidogo, ukikuta karibu na nati ni kidogo ila mbele imeongezeka sana ujue pini imekaa upande, na hapo mara nyingi ni koleti au nati. Zungusha holda nyuzi 180 uirudishe upime tena: pale geji inaposoma juu zaidi pakihama pamoja na holda, kosa ni la holda au koleti, pakibaki upande uleule wa spindo basi rudi kwenye tepa ukatafute uchafu au mkwaruzo.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma kila nikikiona. Watu wengi wanatumbukiza koleti kwenye holda kwanza ndo wanafunga nati juu yake. Hapana jamani! Koleti ya ER inaingia kwenye nati kwanza, unailaza kidogo mpaka isikike tak, ndipo unafunga kwenye holda. Usipofanya hivyo inakaa upande, na siku ya kufungua inagoma kutoka. Pia shanki (mkia wa endimili) ijaze angalau theluthi mbili za tundu la koleti, ukishika kwa mdomo tu koleti inapanuka mbele na haitarudi tena. Na koleti ya 7 usiifungie shanki ya 6 hata kama inabana, tumia ya 6. Koleti nayo inachakaa kama tairi, ikiwa na alama au imepata kutu itupe.

Ukishafanya hayo yote na bado kuna kuyumba ndo tuongee holda mpya. Ya haidroliki ina mafuta ndani yanayosukuma ukuta mwembamba ubane shanki pande zote, inatulia kwenye mikroni 3 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na inameza mtetemo, kwa kumalizia uso mi naipenda sana, ila usiikaze ikiwa tupu, utaua ule ukuta. Ya kupashwa moto unaipasha itanuke, ikipoa inabana shanki; ni nyembamba mbele, inaingia kwenye mashimo marefu, inashika vizuri mno, lakini inataka mashine yake ya kupashia na shanki za h6 (zenye kipimo cha karibu sana), na kabaidi inaitoka vizuri kwa sababu haitanuki sana kama chuma cha holda. Ile ya skrubu ya ubavuni iache kwa kazi nzito, haiachii endimili ila skrubu inaisukuma upande mmoja.

Halafu punguza urefu unaotokeza nje, ukiurefusha mara mbili endimili inapinda mara 8 kwa nguvu ileile.

SWALI: Fundi, holda inahitaji balansi ya G2.5 (daraja la kusawazisha uzito unapozunguka) kila mara?

JIBU: Inategemea mizunguko. Kwa 10,000 kwa dakika, G2.5 inaruhusu kitovu cha uzito kihame kama mikroni 2.4 tu, kwa 20,000 ni nusu yake, hapo balansi ni lazima na ufanye ikiwa na nati, koleti na endimili yake ndani. Spindo ikiwa ya 3,000 hivi, hangaika na kuyumba kwanza, hiyo ndo inakula meno.