Usonji hauachwi shuleni: maswali yenu kuhusu watu wazima

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, picha zinazobandikwa ni za watoto. Watoto hao hukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na hesabu hiyo ni ya rika zote. Barua za mwezi huu, kutoka Dodoma mjini, Mpwapwa na Kongwa, zinamhusu yule aliyeota ndevu au mwenye kazi ofisini, ambaye hakuna anayeuliza tena anaendeleaje.

Habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 27. Alisoma kitengo cha elimu maalumu hadi akafika 18, nikaambiwa umri umepita. Miaka 9 sasa yuko nyumbani, anazunguka uani na kuchezea kamba. Maneno anayosema hayafiki kumi. Majirani wanasema nimwombee apone. Nianzie wapi? (Mama, Kizota)

Mama, pole sana kwa miaka 9 ya kubeba peke yako. Maombi yakikupa faraja usiyaache, ila usimsubiri apone ndipo uanze. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo. Haukuletwa na malezi yako, wala laana, na hauna umri wa kuisha.

Shule ilimpa vitu viwili: mtu wa kumfundisha, na siku yenye mpangilio. Rudisha kwanza mpangilio. Kwa mtu mwenye maneno machache, ratiba ya kuandika haina kazi. Chukua vitu vyenyewe: mswaki, sahani, ungo, kipande cha sabuni, kanga ya kulalia. Vipange kwenye rafu kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa siku, visizidi 6. Kabla ya kila shughuli anachukua kitu chake, akimaliza anakitia kwenye ndoo. Mpe wiki tatu hivi kabla ya kuamua kama inafaa. Kinachoharibu ratiba ni sisi wenyewe kuibadilisha bila kumwonyesha: siku ya kwenda kliniki, kitu cha kliniki kiwe rafuni tangu asubuhi. Kamba yake mwachie. Inamtuliza, na haimdhuru mtu.

Kisha kazi. Hapa kwetu tunashauri kuchambua karanga, kwa sababu mbili. Watu wengi wenye usonji wana jicho kali la kuona kilicho tofauti na vingine. Na mkoa huu unaijua sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mazao: mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa karanga, kuondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu hupunguza sana hatari, na wanaosaga siagi ya karanga wanahitaji mzigo uliochambuliwa.

Andaa hivi. Karanga zilizobanguliwa robo kilo, si zaidi, kwenye ungo wenye rangi nyepesi. Bakuli jeupe kulia kwa nzuri, jekundu kushoto kwa mbaya. Gundisha kwenye kipande cha ubao karanga 5 nzuri na 5 mbaya, kila moja chini ya rangi ya bakuli lake, na ubao huo ukae mbele yake siku zote. Avae barakoa, maana vumbi la ukungu si la kuvuta.

Kufundisha, anza mwisho urudi nyuma. Siku za kwanza wewe unachambua zote, yeye anamimina bakuli jeupe kwenye mfuko tu, kisha anapata anachokipenda papo hapo. Akilifanya hilo siku 4 mfululizo bila msaada, mwachie pia karanga 10 za mwisho. Halafu 20. Kwa njia hii kila siku anamalizia kwa kufaulu, hata kama sehemu yake bado ni ndogo. Ukimsaidia, simama nyuma yake na usogeze kiwiko chake kwa upole bila kusema. Maneno yana mtego: ukizoea kusema "haya, chukua", atakaa akisubiri useme. Dakika 15, pumziko, dakika 15 nyingine, inatosha kwa miezi ya mwanzo.

Zilizotupwa zisiwe chakula cha kuku, kwa sababu sumukuvu huwadhuru nao. Zifukieni.

Mkihakikisha anaweza na kuna mnunuzi wa kudumu, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Usiuanze mkopo kabla ya kazi. Na hela ya karanga, hata kama ni ndogo, aishike yeye, aende nayo dukani, anunue anachotaka. Bila hivyo amefanya kazi bure na atajua.

Mdogo wangu ana miaka 31, anapenda kwenda stendi kuangalia mabasi. Mwezi uliopita walinzi walimshika wakidhani mwizi kwa kuwa aliulizwa hakujibu. Alipiga kelele, akamng'ata mmoja, akapigwa. Tumfungie ndani? (Kaka mtu, Chang'ombe)

Hapana, kaka. Ukimfungia utapata ghadhabu zaidi ndani ya nyumba, na atapoteza kitu kimoja anachokipenda. Tengeneza mazingira anayopitia.

Kilichotokea kinaeleweka. Honi, moshi, wapiga debe, na mtu mgeni anauliza swali. Yeye anahitaji muda kulishughulikia lile swali. Mlinzi haoni jibu, anauliza tena kwa maneno mengine, na kwake hilo ni swali jipya, anaanza upya. Anayezungumza naye aulize mara moja, kwa maneno machache, ahesabu kimoyomoyo hadi 10. Kisha akashikwa ghafla. Kwa wengi wenye usonji mguso wa ghafla unaweza kuuma kama kuchomwa, na aliyeng'ata alikuwa anajinasua.

Nenda naye stendi siku isiyo na msongamano. Mtambulishe kwa mkuu wa walinzi, wauza maji na bodaboda wa kijiwe cha karibu, kwa jina lake. Mpitishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kata. Mtu anayejulikana kwa jina hapigwi haraka.

Kisha mtengenezee kadi ya karatasi ngumu, yenye picha, iliyofunikwa kwa plastiki. Iandike hivi: "Naitwa (jina). Nina usonji. Nikifadhaika siwezi kuongea. Sijalewa wala si mwizi. Tafadhali usinishike wala kunifokea. Niache nikae pembeni. Mpigie kaka yangu (namba)." Kabla ya kuifunika, igongwe muhuri wa ofisi ya mtaa. Mnajua nguvu ya muhuri kwa mlinzi. Ivaliwe shingoni kwa kamba, isikae mfukoni. Mtu anayeingiza mkono mfukoni ghafla mbele ya walinzi anaweza kudhaniwa anatoa silaha.

Mjifunze dalili zake kabla hajalipuka: kuziba masikio, kuyumba haraka kuliko kawaida, kurudia sentensi ileile. Hapo mtoe, hata kama mmetoka kufika. Akishalipuka, mtu mmoja tu abaki karibu, hatua mbili tatu kutoka kwake, kimya. Wengine waondoke, na simu za kurekodi zifichwe. Msimmwagie maji. Inaweza kuchukua dakika chache au hata zaidi ya saa moja, na baadaye atakuwa amechoka kama aliyelima kutwa. Siku hiyo asiulizwe kwa nini.

Jambo dogo lenye uzito kwa jua letu: baadhi ya wenye usonji hawasikii kiu wala njaa mpaka mwili ulegee. Anywe maji kabla ya kutoka, na abebe chupa yenye alama mbili, moja ya kufika stendi na moja ya kurudi.

Shikamooni. Nina miaka 29, nina shahada, nafanya kazi ofisini Mtumba. Nasemwa nina maringo kwa sababu simtazami mtu machoni na salamu ndefu zinanichosha. Kelele za ofisi zinaniumiza kichwa, jioni nalala kama mgonjwa. Nimesoma kuhusu usonji nikajiona. Je, inawezekana? Nimuone nani? (Binti, Ipagala)

Marahaba, mdogo wetu. Inawezekana kabisa, na si wewe peke yako. Daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye usonji, wavulana walikuwa 8, na picha hiyo ya mvulana mdogo imetuganda kichwani mpaka leo. Wasichana wengi hujifunza mapema kuigiza: unamwangalia mwenzio anavyocheka, unacheka hivyo. Kuigiza huko kutwa nzima ndiko kunakoweza kukulaza hoi jioni.

Muone daktari bingwa wa afya ya akili, au mwanasaikolojia tiba. Madaktari hao wapo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Tunajua jina hilo linavyotamkwa mitaani, na wangapi wanaogopa kuonekana getini. Ni hospitali, na kwenda kuulizia afya yako si aibu. Kama unatumia bima, ulizia kwanza utaratibu wa rufaa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Atakayekuuzia hicho anakula hela yako. Uamuzi hutokana na historia, hasa ya utotoni, kwa hiyo nenda na mama, shangazi au dada mkubwa aliyekuona ukiwa mdogo. Beba ripoti za shule ya msingi zenye maoni ya walimu. Andika kurasa mbili za mifano halisi. "Mimi si mtu wa watu" haimsaidii daktari. "Darasa la tatu nilikula mapumziko peke yangu nyuma ya choo kwa sababu ya kelele" inamsaidia. Ukiambiwa huna usonji kwa kuwa una shahada, tafuta daktari mwingine. Ukiambiwa una wasiwasi au sonona, huenda ni kweli pia, maana mara nyingi huambatana na usonji.

Kazini, si lazima utaje usonji ili kuomba nafuu, huo ni uamuzi wako. Omba jambo moja lenye sababu ya kazi: maagizo yaje kwa maandishi, ajenda uipate jana yake, dawati lihame kutoka mlangoni. Ukiomba manne kwa pamoja watasema unadeka. Salamu zipange: asubuhi pita mara moja, "habari za asubuhi" kwa wote na shikamoo kwa wakubwa, kisha vaa vizuia kelele. Kwa namna hiyo heshima imetimia, na hukujimaliza kabla ya saa 3.

Ukija kuthibitishwa na ukataka kutumia sheria, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inakataza ubaguzi kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ofisi nyingi zikisikia ulemavu zinafikiria ngazi na viti vya magurudumu tu. Wakumbushwe.

Kijana wangu wa miaka 24 anachomwa sindano kila mwezi, wanasema ana skizofrenia. Lakini tangu mdogo alikuwa hivihivi, anaongea peke yake na kurudia matangazo ya redio. Nimwachishe? (Baba, Mpwapwa)

Usimwachishe mwenyewe, baba. Dawa hizi zikikatwa ghafla zinaweza kumvuruga vibaya. Omba miadi ya kupitia upya ugonjwa wake, na useme sentensi hiyo uliyotuandikia: tangu mdogo. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao kwa kawaida huanza ujanani, na mtu aliyekuwa sawa hubadilika. Kurudia matangazo ya redio kunaweza kuwa usemaji wa usonji, lakini daktari lazima achunguze kama anasikia sauti zisizokuwepo, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mweleze pia kuhusu mwili kukakamaa, mate kutoka, au uzito kupanda tangu sindano zianze. Kama ana degedege, litaje, maana kifafa huonekana zaidi kwa wenye usonji.

Nina miaka 68, presha inanisumbua. Binti yangu ana 40, hajawahi kulala mbali na mimi. Nikifa? (Mama, Kongwa)

Mama, umeuliza swali ambalo wazazi wengi wanaliogopa. Nunua daftari. Uandike, au mjukuu akuandikie, yale unayoyajua wewe tu: uji anaokubali ni wa ulezi bila maziwa, nguo yenye lebo shingoni anaichana, akigonga kidevu anaumwa jino, dawa gani na saa ngapi, anahesabuje siku zake za hedhi, nani asiachwe naye peke yake. Hilo la mwisho liandike wazi. Wanawake kama yeye wanadhulumiwa kwa kuwa mkosaji anaamini hawatasema.

Wosia uandikwe sasa. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, wanasaidia kuuandika na kuutunza. Mtaje atakayeishi naye, na tofauti na huyo, atakayesimamia mali yake, ili mmoja amwangalie mwenzake. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awe na jina lake mapema.

Kisha mazoezi. Dada yake aje kulala kwenu, wewe ukiwepo, mara 3 au 4. Baadaye binti aende kwa dada usiku mmoja na mto wake, shuka lake na kikombe chake, urudi kumchukua saa ileile uliyoahidi. Halafu siku mbili, halafu wiki. Akikataa kula siku ya kwanza ni kawaida, akikataa maji au akilia usiku kucha rudini hatua moja nyuma. Huenda ikachukua mwaka mzima. Msiache mpaka siku ya msiba, turubai limefungwa uani, nyumba imejaa watu wanaolia, ndipo mtu amshike mkono na kumpeleka kwenye kitanda asichokijua.