Nilijibu "Nzuri" na Daktari Akaandika

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: aliyenyimwa mafao ya ulemavu na akakata rufaa, arudi kazini au angoje kwanza? Mimi nafanya yote mawili kwa pamoja, hapa Minnesota.

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Wenzangu wa kutoka nyumbani wanaijua kazi hii, maana ndiyo iliyotupokea wengi wetu tuliposhuka ndege. Unamgeuza mzee, unamwinua, unamkalisha, na ikibidi unaunganisha zamu mbili kwa sababu kuna karo inayongojewa Mombasa. Mgongo wangu ulichakaa kidogokidogo, hadi asubuhi moja ya 2023 nikashindwa kuinuka kitandani. Sasa nikisimama dakika 20, mguu wa kushoto unakufa ganzi.

Niliomba SSDI, bima ya ulemavu ya serikali ya Marekani, yale mafao ambayo mfanyakazi huyachangia kwa makato ya mshahara wake. Nikakataliwa. Kilichonichoma zaidi ni sababu: barua ilitaja kumbukumbu za daktari wangu, kwamba mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Niliwaka, nikadhani nimesingiziwa. Kumbe maneno ni yangu mwenyewe. Kila daktari aliponiuliza hali, nilimjibu nilivyolelewa: nzuri, namshukuru Mungu. Kwetu husalimiwi ukaanza kumwaga maradhi. Hata aliyelazwa wiki tatu husema hajambo kidogo. Mimi nasalimiana, mwenzangu anaandika.

Kwenye fomu ya shughuli za kila siku nako niliandika kwamba napika. Ni kweli napika, ila nikiwa nimeketi kwenye kiti kirefu, na sufuria ya ugali anaiinua mwanangu. Hilo la mwanangu sikuliandika. Niliona haya.

Basi rufaa yangu ilianza kwa kujifunza kulalamika. Nilinunua daftari, kila usiku nikaandika: leo nimelala saa ngapi, nimeketi dakika ngapi kabla ya kujinyoosha, nani kanifungia viatu. Lile daftari lilinifaa kuliko picha zote za mgongo nilizopigwa, kwa sababu daktari alianza kunakili kutoka humo.

Muda wa kukata rufaa ni siku 60 tangu upokee barua, na huhesabiwa kwamba imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Rafiki yangu aliiacha siku hizo zipite, akaanza ombi jipya. Akaipoteza tarehe ya ombi la kwanza, na huenda na malimbikizo ya mafao yake pia. Hatua ya kwanza ni faili kupitiwa upya na mtu mwingine. Hapo nilikataliwa tena. Ya pili ni kwa jaji, na ndipo nilipotafuta wakili. Usiposhinda hadai ujira wake. Ukishinda huchukua asilimia 25 ya malimbikizo, kwa kikomo kilichopandishwa hadi dola 9,200 mwishoni mwa 2024. Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe mkalimani, ni bure.

Sasa kazi. Kodi ya nyumba haijui rufaa. Mwaka 2024 nilipata nafasi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, saa 20 kwa wiki, dola 17 kwa saa. Kabla ya kukubali nilimpigia wakili, naye akaniuliza jambo moja tu: kwa mwezi itakuwa kiasi gani kabla ya kodi? Kabla ya kodi, si kile kinachoingia benki. Mwaka ule mstari wa kipato cha mwezi ulikuwa dola 1,550, na 2025 ukawa 1,620. Ukizoea kuuvuka, wanaona unaweza kujitegemea, na habari za mgongo hazifiki hata mezani. Hesabu yangu ilikuwa kama 1,470. Lakini kuwa chini ya mstari si kinga: jaji bado anaweza kuuliza, kama waweza saa 20, kwa nini usiweze 40? Kwa hiyo nikaenda na barua ya msimamizi wangu, kwamba nina ruhusa ya kusimama na kujilaza kila nikizidiwa. Na ukijaribu kazi, ugonjwa ukakushinda kabla ya miezi 6 kutimia, jaribio hilo linaweza lisihesabiwe dhidi yako. Ila ile miezi 9 ya kujaribu kazi bila kupoteza mafao, tunayoisikia mitaani, ni ya mtu aliyekwisha kustahiki mafao. Msiitegemee mkiwa bado kwenye rufaa.

Desemba kliniki ilinipa saa za ziada, nikazikataa. Dada yangu aliniita mvivu, na kusema kweli hata mimi nilijiona hivyo. Kazi naipenda. Siku mafao yakikubaliwa nitaomba saa zaidi, nione mgongo unasemaje.

Kesi ilisikilizwa kwa video, mimi na wakili tukiwa ofisini kwake. Jaji alinisalimu, akaniuliza hali. Nikasema nzuri. Wakili akanikanyaga mguu chini ya meza, ule wa kushoto, sikusikia kitu. Nikamweleza jaji hivyohivyo ilivyotokea.

Barua ya uamuzi bado haijaja.