Altrasaundi safi baada ya mwezi wa prednisoloni

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 27, tuko Lamu. Akianika nguo tu, mkono wa kushoto unachoka hadi auteremshe, na presha ya mikono miwili haifanani. Daktari alishuku uvimbe wa kuta za ateri, ugonjwa wa Takayasu. Lakini alikuwa ameshameza prednisoloni ya dukani mwezi mzima, na altrasaundi imetoka safi. Amepona?

JIBU: Marahaba. Picha hiyo haikusema amepona. Takayasu ni ugonjwa adimu, lakini picha zilizopigwa baada ya steroidi za dukani, kama hiyo prednisoloni, naletewa hapa Malindi mara kwa mara, na kila mara mgonjwa ameshaambiwa "hauna kitu".

Steroidi hutuliza uvimbe wa ukuta wa mshipa haraka, na alama zake pichani hufifia. Hata kipimo cha PET, kinachofuata sukari yenye mnururisho inavyoingia kwenye uvimbe, hutegemewa zaidi ndani ya siku 3 za kwanza za dawa. Isitoshe, altrasaundi huona vizuri ateri za shingo na kwapa, lakini aota (ateri kuu itokayo moyoni) ya kifuani imefichwa na mapafu na mifupa, na huko ndiko Takayasu hupenda kukaa.

Muombe daktari MRI (picha ya sumaku) ya aota na matawi yake. CT (eksirei ya vipande) nayo huonyesha mshipa uliobana, ila ina mionzi, na msichana huyu atapigwa picha kwa miaka. Tunzeni kila CD, maana picha mpya husomwa kwa kulinganishwa na ya zamani. Ukuta unaweza kubaki mnene hata ugonjwa ukitulia, kwa hiyo picha isomwe pamoja na ESR na CRP (vipimo vya damu vya uvimbe) na mapigo ya mishipa. Presha isichukuliwe mkono wenye mshipa uliobana. Itadanganya kwa kushuka.

Vidonge asiviache ghafla. Baada ya mwezi mwili umeshavitegemea. Daktari ndiye atakayepunguza.

Muuzaji anayekufungia prednisoloni kwenye karatasi isiyo na jina wala kipimo amefuta ushahidi kabla daktari hajauona. Sikatazi steroidi. Mzee aliyepita miaka 50, kichwa kikaanza kumuuma kuliko alivyozoea, taya likauma akitafuna, macho yakaingia kiza, hushukiwa uvimbe wa ateri za kichwa, na daktari humuanzishia steroidi siku hiyohiyo bila kungoja picha, asije akapofuka. Huyo apelekwe hospitali, asipitishwe dukani.