Maswali Yenu: Pilipili, Kuku na Vidole vya Kufulia

SWALI: Shikamoo. Mbona nikila pilipili halafu nikanywa maji ya baridi inazidi kuwasha? Na kuku wetu hapa uani wanadonoa pilipili kichaa kama mahindi tu, wao hawasikii? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Pilipili haikuunguzi kabisa, ila ndani yake kuna kitu kinaitwa kapsaisini, kikifika mdomoni kinajibandika kwenye kile kile kipokezi cha neva, yaani mishipa ya fahamu, ambacho kazi yake ni kuushtua ubongo ukigusa kitu cha moto kuanzia nyuzi kama 43, sasa ubongo utajuaje, umeambiwa kuna moto basi unapambana na moto, jasho, machozi na makamasi juu. Kipokezi hicho alikigundua mwanasayansi David Julius na wenzake huko Marekani mwaka 1997, wakitumia hiyo hiyo kapsaisini, na 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian.

Maji sasa. Kapsaisini inapatana na mafuta, haipatani na maji, kwa hiyo yale ya baridi yanakutuliza sekunde mbili tatu halafu yameshaisambaza mdomo mzima. Kunywa maziwa au mtindi, na Tanga hapo hamkosi, protini yake inainasa ile kapsaisini na kuiondoa ulimini. Alafu wengi wanatoa mbegu wakidhani ndo kali, hapana, ukali mwingi uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu.

Kuku, kama ndege wengine, kipokezi chake kimeumbwa tofauti kidogo, kapsaisini haikishtui. Na mpilipili unafaidika hapo! Panya angeitafuna mbegu ikafa, ndege anaimeza nzima anaenda kuiachia mbali na kinyesi chake, ndo maana unakuta mche umeota chini ya mwembe na hakuna aliyepanda.

SWALI: Nikifua muda mrefu vidole vinasinyaa kama vya bibi. Ni maji yameingia? (Msomaji, Morogoro)

Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Lakini tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba mtu ambaye neva ya vidole imekatika, hata aviloweke vipi, havisinyai. Kumbe ni neva zinaamrisha mishipa ya damu ibane, nyama ya ndani inapungua, ngozi ya juu inabaki imezidi basi inajikunja. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliona watu wenye vidole vilivyosinyaa wanahamisha haraka zaidi gololi zilizolowa maji, ila mwaka uliofuata wengine wakajaribu hawakuona tofauti, kwa hiyo hilo la faida bado wanabishana.

Ila wewe ukiona vidole vingine vyote vimesinyaa na kimoja kimebaki laini, hasa kama uliwahi kujikata hapo na kisu, usipuuzie, kamwoneshe daktari hiyo neva.