MASWALI YENU: Mbona makabila ya Israeli nikihesabu napata 13?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Kiborloni, Moshi. Kwenye jumuiya yetu tulikuwa tunasoma habari za Yakobo na watoto wake, tukaanza kuhesabu makabila kwa vidole, huyu anapata 12 yule anapata 13. Mmoja akasema Yusufu hahesabiwi, mwingine akasema hapana, ni Lawi ndo hahesabiwi, alafu tukafungua Ufunuo tukakuta Dani hayupo kabisa. Tumeondoka hatujaelewana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mama yangu. Wote mlikuwa sahihi, ila kila mmoja alishika listi yake. Biblia haina listi moja ya makabila, inazo nyingi na hazilingani, na ukishaelewa kwa nini hazilingani ndo utaanza kuifurahia hii habari.

Mimi huwa nashauri watu wasihesabu kwa baba, wahesabu kwa mama. Yakobo alikimbilia Harani kwa mjomba wake Labani, akachunga miaka 7 ili apewe Raheli, kumekucha anakuta kapewa Lea, dada yake Raheli, akachunga 7 mingine, alafu 6 ya kupata mifugo yake mwenyewe, jumla 20. Lea alimzalia Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, Isakari na Zabuloni, na binti anaitwa Dina. Raheli aliyependwa alipata wawili tu, Yusufu na Benyamini. Bilha mjakazi wa Raheli alizaa Dani na Naftali, Zilpa mjakazi wa Lea akazaa Gadi na Asheri. Sita, wawili, wawili, wawili, hapo 12 imetimia.

Sasa rudini msome Mwanzo 29 na 30 taratibu muone nani anatoa majina. Ni wanawake! Lea anamwita mtoto Reubeni manake Bwana ameona mateso yake, Raheli anamwita mtoto wa Bilha Dani manake Mungu amemwamulia, yaani kila jina ni kilio cha mama au ushindi wa mama. Hata Isakari alipatikana kwa sababu Reubeni alitoka shambani na tunguja, mmea ulioaminika kusaidia uzazi, Raheli akazitaka, Lea akamwambia umeshaninyang'anya mume sasa unataka na tunguja za mwanangu, wakakubaliana Raheli achukue tunguja na usiku ule Yakobo alale kwa Lea. Yule mzee anarudi jioni kutoka machungani anakuta wake zake wameshapanga kila kitu. Jina ambalo Yakobo mwenyewe alilisimamia ni la mwisho, Raheli anakata roho kwenye uzazi njiani kuelekea Efrata, ndo Bethlehemu, anamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, baba akakataa akamwita Benyamini.

Sisi wa mlimani hili tunalielewa haraka. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kinafuata watoto wa kiume, ila anayejua nani alizaliwa nyumba ipi ni bibi. Bibi yangu alikuwa akikata majani ya ng'ombe huku anatutajia mababu mmoja mmoja, akifika kwa babu aliyekuwa na wake wawili anausimamisha mundu kwanza, anatuangalia, anasema hapa msikilize vizuri, alafu ndo anaendelea na kila mama na watoto wake.

Haya, 13 inatoka wapi. Kwenye Mwanzo 48 Yakobo ameshazeeka yuko Misri, Yusufu anamletea wanawe wawili aliozaa na Asenathi, binti wa kuhani wa Oni, mama Mmisri kabisa. Yakobo anasema hawa Efraimu na Manase ni wangu, kama Reubeni na Simeoni. Yaani anawapandisha wajukuu wawe watoto, kwa hiyo Yusufu anapata mafungu mawili, ambayo ni haki ya mzaliwa wa kwanza. Reubeni ndo alikuwa wa kwanza ila alilala na Bilha, mke wa babaye, akaipoteza, na 1 Nyakati 5 inasema wazi haki hiyo wakapewa wana wa Yusufu, japo utawala ukatoka kwa Yuda.

Kwa hiyo ukihesabu watoto, Yusufu ni mmoja na Lawi yumo, 12. Ukihesabu ardhi, Lawi anatoka kwa sababu Walawi hawakupewa jimbo, walipewa miji 48 katikati ya ndugu zao, na Yusufu anakuwa wawili, inarudi 12 ileile. Ukiwaweka wote kwa pamoja ndo unapata 13 yenu.

Na listi zinaendelea kubadilika. Wimbo wa Debora, Waamuzi 5, haumtaji Yuda wala Simeoni wala Lawi, alafu una Makiri na Gileadi, majina ambayo hayapo kwenye ile 12. Baraka za Musa, Kumbukumbu 33, Simeoni hayupo, na kweli urithi wake ulikuwa ndani ya eneo la Yuda. Ufunuo 7 inaacha Dani na jina la Efraimu, inaweka Yusufu, Manase na Lawi. Kuhusu Dani kitabu chenyewe hakitoi sababu. Wengi wanaikumbuka ile sanamu watu wa Dani waliyoisimamisha walipohamia kaskazini, na Irenaeus, baba wa kanisa wa karne ya 2, alisema Mpinga Kristo atatoka kabila hilo. Msilifanye fundisho la jumuiya.

SWALI: Mwalimu shikamoo, naandika kutoka Ngaramtoni, Arusha. Mimi ni Mmasai. Kuna mtu anapita anasema sisi ni kabila lililopotea la Israeli, na ukitoa hela unaandikishwa unapewa cheti. Mdogo wangu anataka kuuza mbuzi akalipie. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maneno ni ya siku nyingi. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa hapohapo Moshi, Moritz Merker, alichapisha kitabu mwaka 1904 akidai Wamasai na Waisraeli wana asili moja, na watafiti waliofuata hawakukubaliana naye. Kimaa ni lugha ya Kiniloti, ndugu yake wa karibu ni Kisamburu, na kwa mbali Kibari cha Sudan Kusini, wakati Kiebrania kiko nyumba moja na Kiarabu na Kiamhari. Kufanana kupo, sikatai. Wazee wenu wanasema koo zote zinatoka kwa wake wawili, wa ng'ombe wekundu na wa ng'ombe weusi, ukisikia hivyo lazima umkumbuke Lea na Raheli, ila hayo ni maisha ya wafugaji wenye wake wengi popote walipo, sio ushahidi wa damu.

Waliopotea wenyewe habari yao ipo. Mwaka 722 KK Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli wa kaskazini, ilianguka, mfalme Sargon wa Ashuru akaandika kwamba alichukua mateka 27,290, na 2 Wafalme 17 inasema walipelekwa Hala, mto Habori na miji ya Wamedi. Hawakwenda wote, wengine walibaki, wengine walikimbilia Yuda. Ndo maana Luka 2 anamtaja nabii Ana wa kabila la Asheri, miaka 700 na zaidi baadaye, yuko hekaluni Yerusalemu.

Na hata damu yao ilikuwa na wa kuingia. Kalebu anaitwa Mkenizi lakini aliwakilisha Yuda, Ruthu ni Mmoabu na ni bibi mzaa babu yake Daudi. Wengine walikwama: kwenye Ezra 2 kuna kuhani aliyeoa binti wa Barzilai akachukua jina la ukweni, watoto wake walipotafuta majina kwenye orodha ya makuhani hayakuonekana, wakatolewa kwenye ukuhani.

Wayahudi wa Ethiopia, wanaoitwa Beta Israel, walikubaliwa mwaka 1973 na rabi mkuu Ovadia Yosef kama uzao wa Dani, baada ya kushika Sabato na Torati vizazi na vizazi. Hakuna aliyeuza mbuzi. Na sheria ya Israeli ya kurudi nyumbani, ya 1950 iliyopanuliwa 1970, inaangalia kama una mzazi au babu au bibi Myahudi au umeongoka, haiulizi kabila kati ya yale 12. Kwa hiyo hicho cheti hakuna ofisi ya Israeli itakayokipokea. Mwambie mdogo wako mbuzi abaki zizini, na kama huyo mtu ameshachukua hela za majirani nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji mapema.