Kwako dada uliyeuliza: mtu anatuliaje bila kuwa mnafiki?

Dada, umesema tangu habari za uchaguzi wa 2027 zianze kupamba moto hulali vizuri, umekosana na kaka yako kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kila unayemgeukia anakwambia uchague upande au unyamaze. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uzime simu, usali, unywe maji. Sina ugomvi nao. Ila mimi simu niliizima, na yaliyonipata ni haya. Ni marefu, nivumilie.

Mimi ni fundi wa kanzu, kiduka changu kipo Mji wa Kale, Mombasa, upande wa Kibokoni. Nje pana kibaraza tunachogawana na fundi viatu. Wazazi wake walitoka bara, babake aliajiriwa reli, yeye mwenyewe kazaliwa Changamwe. Tulikaa pale miaka kumi na moja, mimi nikiazima nta yake ya kupaka uzi, yeye akiazima mkasi wangu mdogo. Aliniita fundi, nami nikamwita fundi. Mteja akipita njiani akiita "Fundi!" tunaitika wote wawili, halafu tunacheka.

Ikaja Agosti 2022, uchaguzi mkuu wa Kenya. Tulipiga kura Jumanne tarehe 9, matokeo ya urais yakatangazwa Jumatatu tarehe 15. Siku zile za kungoja ndizo zilizonimaliza. Tume ya uchaguzi iliziweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti kila mtu azione, vituo zaidi ya 46,000. Kwa uwazi lilikuwa jambo zuri, lakini kwa mtu kama mimi ilikuwa ni kumkabidhi mlevi ufunguo wa mangwe, kilabu cha tembo. Nilinunua daftari la shule, nikawa nafungua fomu moja moja usiku, najumlisha kwa kalamu. Runinga hii inasema huyu yuko mbele, ile inasema yule. Saa nane za usiku mke wangu ananikuta nimeinamia simu, ananiuliza, "Kwani tume imekuajiri lini?"

Wiki hiyo nilikuwa na kanzu sita za harusi. Bwana harusi ni mrefu, kanzu yake inchi 60. Nikaikata 54, kipimo cha mdogo wake, masikio yangu yote yako redioni. Sikujua mpaka alipokuja kujaribu, kanzu ikamkomea katikati ya muundi, na mamake amesimama mlangoni anatazama. Kitambaa kingine nilikinunua kwa pesa yangu. Hiyo peke yake ingetosha kunizindua, lakini wapi.

Sisi wa Mombasa hata hatukumaliza pamoja na wenzetu. Picha za wagombea ugavana kwenye karatasi za kura zilikosewa, uchaguzi wetu ukasogezwa mpaka tarehe 29. Kesi ya urais nayo iko Mahakama ya Juu, uamuzi haukuja mpaka 5 Septemba. Katikati ya hayo, asubuhi moja, fundi viatu akanitania kuhusu mgombea wangu. Neno dogo tu, la kucheka, misumari bado iko midomoni. Nikamjibu, "Kwanza wewe rudi kwenu. Mambo ya hapa tuachie wenyewe."

Hakunijibu papo hapo. Aliitoa ile misumari mdomoni mmoja mmoja, akaitia kwenye kopo. Kisha akasema, "Sawa, bwana."

Bwana. Si fundi tena.

Nikueleze kwa nini neno lile lilinirudi usiku. Mimi nimekulia Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa. Vilienezwa vikaratasi vya kuwaamuru waondoke. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Familia zilikwenda kujihifadhi kanisani, na mama akanituma nimpelekee uji jirani yetu aliyekuwa akituuzia mboga. Nilimkuta amekaa chini, mkononi ameshika ufunguo. Kibanda chenyewe kilikuwa kimeungua juzi yake. Alipokea uji kwa mkono mmoja, ufunguo hakuuachia.

Na mimi, niliyeuona ufunguo ule kwa macho yangu, mwezi ule ule wa Agosti, miaka ishirini na mitano baadaye, neno la kwenye vile vikaratasi likatoka kinywani mwangu. Sikulipwa na mwanasiasa. Sikuchochewa mkutanoni. Nililisema mwenyewe, nimeketi kwenye kibaraza changu, chai mkononi.

Sasa hapo ndipo swali lako la unafiki. Mimi upande ninao mpaka leo, na kura yangu naijua. Mtu akidhani kutulia ni kukaa katikati kama mizani ya Marikiti, huyo nadhani hajawahi kukasirika sawasawa. Mnafiki husema asichoamini. Kuchunga ulimi ni jambo jingine. Nilichojifunza ni kwamba kila mtu ana neno lake ambalo likishatoka, mabishano huwa hayahusu tena kodi wala barabara wala nani kaiba, yanakuwa ni kuhusu nani ana haki ya kuwepo. Langu ni "kwenu". La kaka yako huenda ni "nyinyi watu". Lako silijui, lakini ukipanda juu kwenye lile kundi usome ulivyoandika, utaliona. Nikilihisi linakuja, natoka. Hata kama hoja yangu ni sahihi. Hasa kama ni sahihi, wallahi, maana hapo ndipo ninapokuwa mbaya zaidi.

Hilo sikulijua mara moja. Kwanza nilifanya wanalokushauri wenzangu: nilijitoa. Mwaka 2023 redio niliitoa dukani, makundi yote nikayaacha, mtu akitaja siasa nauliza urefu wa mkono wake. Nikajiona nimetulia kweli kweli. Na fundi viatu tukawa watu wa salamu tu, "habari ya asubuhi", "nzuri", kila mtu na cherehani yake. Alikuwa amenunua mkasi wake mwenyewe, mpini wa rangi ya chungwa, akautundika kwenye msumari pale ninapouona kila nikiinua kichwa. Nami nikasema moyoni, sawa, amani imepatikana.

Juni 2024, ule Mswada wa Fedha. Kodi ya mkate ilikuwa imezungumzwa nchi nzima, mimi sina habari. Tarehe 25 napata habari kutoka kwa muuza maji kwamba binti yangu yuko Moi Avenue na vijana wenzake wanaandamana, ana bango. Nilifunga duka nikakimbia. Alirudi nyumbani jioni macho mekundu, mzima, alhamdulillahi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba, wewe tukianza kuongea unaondoka."

Nikamwambia baba yako anatafuta utulivu. Yule mtoto akanitazama. "Wewe hujatulia, baba. Wewe umenuna."

Mwezi mzima nilimnunia yeye pia, kuthibitisha maneno yake.

Baadaye nikaanza kuwatazama wazee wa kahawa pale kona. Wale hubishana siasa kila jioni, na wengine ni wa vyama vinavyopingana tangu vyama vingi virudi 1991. Nilitaka kujua mbona hawavunjani. Nilichokiona ni kitu cha kijinga kabisa: baraza limejengwa ukutani, kwa hiyo wanakaa bega kwa bega, wote wanatazama njia. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mtu anaitupa hoja yake barabarani, mwenzake anaiokota kutoka huko huko. Halafu wanakatizwa. Anapita mtu, lazima salamu, na salamu zetu unazijua zilivyo ndefu. Anakuja wa kahawa na dele lake, vikombe vinagongana mkononi, kila mtu aagize. Inapigwa adhana, wanainuka. Wakirudi hasira imepoa na nusu ya hoja imesahaulika. Kundi la WhatsApp halina adhana, dada. Kaka yako anakuandikia saa sita za usiku na hakuna hata paka wa kupita katikati yenu.

Kwa hiyo mimi nikikosana na mtu simuandikii. Namwita tukae mahali pa kutazama njia. Mama Ngina Drive ni pazuri, ukiwa na mihogo ya kukaanga mkononi na meli inaingia, ni vigumu kumtukana mtu vizuri. Na habari nazisikiliza mara moja tu, baada ya Isha. Mchana simu iko kwenye kopo la vifungo.

Lile fundisho la chuoni, chuo cha Kurani, kwamba ukikasirika umesimama ukae, na isipokutoka ulale, nalo nimelijaribu. Mwaka jana nilikuwa kwenye feri ya Likoni, jioni, tumebanana, kuna mtu anahutubia watu kuhusu "wageni" wanaomaliza kazi bandarini. Damu ikanipanda. Nikakumbuka: kaa. Utakaa wapi kwenye feri saa kumi na mbili? Nikachutama pale pale katikati ya miguu ya watu. Mama mmoja akapiga kelele, "Mzee anaanguka!" Akaanza kunipepea na leso yake, mwingine akanimwagia maji kichwani, mhutubiaji mwenyewe akaacha hotuba akaja kunishika kwapa. Sikuweza kuwaambia kuwa siumwi. Tulipofika ng'ambo yule mhutubiaji akanivusha mpaka stendi, ananiita baba. Hasira niliitafuta sikuiona.

Kwa fundi viatu nilikwenda Agosti ya 2024, miaka miwili ilikuwa imepita. Sikuwa na hotuba. Nilitoka nje nikasema, "Fundi, lile neno nilikosa." Akaendelea kushona kidogo. Halafu akasogeza kopo lake la misumari. "Keti." Nikaketi, tukatazama njia. Baada ya muda akanisimulia kwamba mwaka 1997 wao pia walihama Changamwe kwa wiki tatu, babake akakataa kupanda basi la kurudi bara. Miaka kumi na moja tumekaa pamoja na hilo sikuwahi kulisikia.

Ameshaanza kuniita fundi tena. Siasa tunazungumza, na bado tunapingana vilevile. Lakini mkasi wake wa mpini wa chungwa upo palepale msumarini. Umekuwa butu, nausikia ukiitafuna ngozi kutoka ndani. Juzi niliutoa wangu mdogo, nimeunoa, nikauweka upande wake wa kibaraza bila kusema kitu. Jioni nilipofunga duka niliukuta nilipouacha.